Mwongozo Kamili wa Kukaanga Yai kwa Mtu Anayeanza Kupika

Yai ni chakula cha haraka, na uharaka huo ndio unaomsumbua anayeanza kupika. Wali ukizidi maji unaweza kupaliliwa ukakauka, na maharage yakiwa bado magumu huongezewa maji yakaendelea kuchemka, lakini yai likishagusa kikaango cha moto hubadilika ndani ya dakika mbili au tatu, na kilichoungua hakina dawa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kukaanga yai hufanyika kabla yai lenyewe halijavunjwa: kuchagua yai, kuandaa vyombo, kupima mafuta, na zaidi ya yote kuuweka moto katika kiwango kinachotakiwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika kikaango, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepanga chumba Ng'ong'ona karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, au mtumishi aliyehamia Dodoma kikazi akaiacha familia mkoa mwingine na sasa analazimika kujipikia. Nitashughulika hasa na yai zima, yaani lile ambalo kiini chake hakivurugwi, kwa kuwa ndilo linalofundisha zaidi. Anayeliweza hilo hatapata shida na yai la kuvuruga, ambalo nitaligusia mwishoni.

Kuchagua na kutunza yai

Katika Soko la Majengo na katika maduka mengi ya mitaani utakuta mayai ya kisasa yakiuzwa kwa trei ya mayai 30 au moja moja, na pembeni yake mayai ya kienyeji ambayo ni madogo kidogo na bei yake iko juu. Mayai ya kienyeji ni matamu na kiini chake mara nyingi huwa na rangi iliyokolea, lakini kwa mtu anayejifunza napendekeza ya kisasa. Ukubwa wake haupishani sana, hivyo dakika ulizotumia leo zitakufaa na kesho. Mayai ya kienyeji hukusanywa moja moja kutoka viotani, na katika kapu moja linaweza kuwamo lililotagwa jana pamoja na lililokaa majuma kadhaa.

Umri wa yai ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani. Yai linapotagwa, sehemu kubwa ya ute wake huwa nzito na hukizunguka kiini kwa karibu. Kadiri siku zinavyopita, hewa ya kaboni daioksaidi hutoka kupitia matundu madogo ya ganda, ute hupoteza uzito wake na kuwa mwepesi kama maji, na joto huongeza kasi ya mabadiliko hayo. Yai lililokaa siku nyingi juu ya meza ya duka linalopigwa na jua la Dodoma likimiminwa kikaangoni husambaa hadi ukingoni, pembe zake zikawa nyembamba na kuungua kabla kiini hakijapata joto. Wanaoanza hujilaumu kwa tukio hilo, ilhali kosa limo ndani ya yai.

Njia rahisi ya kulipima ni kulitumbukiza katika bakuli la maji baridi. Yai jipya hulala chini kwa ubavu, lililokaa kidogo husimama huku ncha moja ikiwa imegusa chini, na linaloelea litupwe. Pima lile tu unalokwenda kulipika wakati huo, kwa kuwa maji huondoa utando mwembamba unaolinda ganda dhidi ya vijidudu. Mayai yanayobaki yawekwe mahali penye kivuli na ubaridi, ncha iliyochongoka ikielekea chini, mbali na jiko na mbali na dirisha. Kama unatumia jokofu, litoe yai mapema kidogo, kwa sababu yai la baridi hushusha joto la mafuta na kuuvuruga mpango wako wa moto.

Vyombo

Kikaango chenye kitako cha sentimita 18 hadi 20 kinatosha yai moja au mawili. Kikiwa kipana kupita kiasi mafuta hutawanyika, sehemu nyingine hubaki kavu, na yai hunasa hapo hapo. Kizuri ni chenye kitako kizito, kwa kuwa hupokea joto taratibu na kulisambaza sawasawa. Chenye utando mweusi usioshikisha chakula humfaa sana anayeanza, mradi asikiweke kitupu juu ya moto mkali na asikikwangue kwa kijiko cha chuma. Sufuria nyembamba ya alumini, ambayo ndiyo iliyomo katika vyumba vingi vya kupanga, inaweza kutumika, ila joto lake hukusanyika mahali pamoja, hivyo itahitaji mafuta zaidi na moto mdogo zaidi.

Andaa pia mfuniko unaoenea, hata kama ni sahani ya bati iliyogeuzwa, kijiko bapa cha mbao au cha plastiki inayostahimili joto, kikombe kidogo cha kuvunjia yai, chumvi, sahani ya kupakulia, na kitambaa kikavu cha kushikia. Nasisitiza ukavu wa kitambaa kwa kuwa kitambaa kibichi hupitisha joto haraka na kuunguza mkono, na mtu aliyeunguzwa huachia kikaango chenye mafuta ya moto. Vitu vyote hivi viwe karibu kabla hujawasha jiko, maana hakutakuwa na nafasi ya kwenda kutafuta chumvi.

Mafuta

Anayejifunza kupika katika mikoa ya Dodoma na Singida ana bahati ya kuishi mahali ambapo alizeti hulimwa na kukamuliwa kwa wingi, na msafiri wa barabara ya Dodoma kwenda Singida huyaona mafuta yake yamepangwa kando ya njia katika chupa na madumu. Lakini mafuta hayo yako ya aina mbili, na tofauti yake huonekana kikaangoni.

Yapo yaliyosafishwa kiwandani, yenye rangi hafifu na yasiyo na harufu kali, ambayo huvumilia joto kubwa bila kutoa moshi. Yapo pia yaliyokamuliwa na kuchujwa tu, yenye rangi ya dhahabu iliyoiva na harufu nzito ya mbegu. Haya ya pili ni mazuri na mimi huyapendelea kwa ladha, ila yana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, yanapopata joto hutoa povu, kwa sababu bado yana unyevu kidogo na chembechembe ambazo kiwanda kingeziondoa. Subiri povu litulie ndipo uweke yai, la sivyo hutaona kinachoendelea chini yake. Pili, hutoa moshi mapema sana kuliko yaliyosafishwa, na moshi ukishaonekana mafuta yameanza kuharibika na yatalipa yai uchungu. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba mafuta hayo huweza kuwa na ukungu ndani ya chupa. Hiyo ni nta ya asili ya alizeti iliyoganda kwa baridi, nayo huyeyuka yakipata joto, hivyo usiyatupe ukidhani yameharibika.

Kwa yai moja tumia kijiko kimoja cha chakula. Mafuta yana kazi ya kujaza mikwaruzo na vishimo vidogo vya chuma ili protini ya yai isijishike humo, na yakipungua mno kazi hiyo haifanyiki. Yakizidi nayo, yai huogelea, kingo zake hukauka, na anayekula hubaki na mafuta mdomoni.

Kuuelewa moto

Ute wa yai huanza kuganda joto linapofikia takriban nyuzi 62 za Selsiasi, lakini haukazi kabisa hadi karibu nyuzi 80. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 hivi na hukaza kwenye nyuzi 70. Maana yake ni kwamba tunataka ute upate joto zaidi kuliko kiini, na hilo huwezekana kwa sababu ute umelala juu ya chuma kwa tabaka jembamba huku kiini kikiwa kimenyanyuka juu yake. Moto ukiwa mkali, sehemu ya chini huungua wakati ute ulioko juu ungali maji maji. Moto wa wastani unaoelekea kuwa mdogo huyapa matabaka yote muda wa kuiva kwa zamu.

Anayetumia mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lililofungwa juu yake ajue kwamba mwali wake hukusanyika katikati na huwa mkali hata ukipunguzwa. Zungusha swichi hadi miali iwe mifupi na isivuke ukingo wa kitako cha kikaango, na ukiona bado joto linazidi, nyanyua kikaango juu ya mwali kwa sekunde chache kisha ukirudishe. Wapishi wazoefu hufanya hivyo kila siku. Kabla ya kuwasha, fungua dirisha, na ukinusa gesi usiwashe kiberiti wala taa hadi umefunga mtungi na harufu imekwisha.

Jiko la mkaa linahitaji subira zaidi. Weka mkaa wa kutosha tabaka moja tu, uwashe, kisha usubiri hadi moshi wote uishe na makaa yafunikwe na jivu jepesi la kijivu. Hapo ndipo joto hutulia. Funga kidirisha cha chini cha kupitishia hewa ili kupunguza nguvu yake, na ukiona bado ni kali sogeza makaa machache pembeni. Dodoma ina upepo mwingi, hasa miezi ya kiangazi, na jiko lililowekwa uani bila kinga huwaka upande mmoja kwa nguvu na upande mwingine kufifia. Liweke nyuma ya ukuta, na ukizungushe kikaango robo mzunguko kila baada ya muda. Hata hivyo usikimbie upepo kwa kuliingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Jiko la umeme la sahani lina tabia ya kubaki na moto baada ya kuzimwa, kwa hiyo ukitaka kupunguza joto ondoa kikaango juu yake badala ya kutegemea swichi.

Kupima joto la kikaango

Weka kikaango kikavu jikoni kwa dakika moja, kisha udondoshee tone moja la maji kutoka kwenye ncha ya kidole. Tone likitulia bila kufanya lolote, bado. Likichemka kwa mlio na kukauka baada ya sekunde chache, joto limefika. Likijiviringa kama gololi na kukimbia huku na huko bila kukauka, kikaango kimepita kiasi na kinapaswa kuondolewa motoni kwanza. Kipimo hiki ni cha kikaango kikavu peke yake, kwa kuwa maji ndani ya mafuta ya moto huruka na kuunguza. Kwa chenye utando usioshikisha, acha kipimo hiki na utie mafuta tangu mwanzo.

Mimina mafuta, kisha ukiinamishe kikaango pande zote mpaka chini pang'ae. Mafuta ya baridi hutembea kwa uzito, na yaliyopata moto hukimbia kama maji na kuacha michirizi. Baada ya hapo chovya ncha ya kijiko kwenye ute kidogo uliobaki katika ganda na uguse mafuta. Ukigeuka mweupe taratibu huku ukitoa vipovu vidogo, endelea. Ukiruka na kuwa kahawia papo hapo, punguza moto na usubiri.

Kuvunja na kumimina

Gonga yai mara moja juu ya meza au sehemu yoyote bapa. Kuligonga kwenye ukingo wa kikaango husukuma vipande vya ganda ndani na mara nyingi hutoboa kiini. Ingiza ncha za vidole gumba kwenye ufa, ulifungue juu ya kikombe, na ukiangalie kilichomo. Yai bovu hujitambulisha kwa harufu, nalo likimwagwa moja kwa moja kikaangoni huharibu mafuta na mayai mengine yote. Ukiona kipande cha ganda, kichote kwa nusu ya ganda lile lile, kwa sababu ukali wake hukata ute ambao kidole hushindwa kuukata.

Shusha mdomo wa kikombe hadi ukaribie kugusa mafuta, kisha uinamishe taratibu, ukielekeza mmimino upande usio wako. Hofu ya mafuta humfanya anayeanza asimame mbali na kulirusha yai kutoka juu, jambo ambalo ndilo hasa linaloyarusha mafuta na kukipasua kiini.

Dakika tatu za kukaanga

Kuanzia hapa kazi yako ni kutazama na kusikiliza. Mlio uwe wa chini na usiokatika. Ukisikia mapasuko makali, moto umezidi. Kingo za ute huwa za kwanza kuwa nyeupe, kisha weupe huo hutambaa kuelekea katikati. Usiliguse. Katika sekunde za mwanzo yai hujishikiza kwenye chuma, na anayelikwangua wakati huo hulichana. Likiachwa, upande wa chini hukaza na kuanza kujiachia lenyewe. Tikisa kikaango kidogo baada ya dakika moja, na ukiona linateleza, limejiachia.

Wakati huo sehemu kubwa itakuwa nyeupe, isipokuwa duara jembamba la ute mzito unaokizunguka kiini, ambalo bado litang'aa na kutetemeka ukigusa mpini. Hapa ndipo wengi huongeza moto ili kulimaliza. Fanya kinyume chake: punguza moto na funika. Takriban asilimia 90 ya ute ni maji, na mvuke unaonaswa chini ya mfuniko unatosha kuivisha sehemu ya juu. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, joto ambalo bado linazidi sana lile la kukazisha ute. Wapo wanaoongeza kijiko cha maji kabla ya kufunika, lakini anayeanza asifanye hivyo, kwani mafuta yatamrukia bila faida kubwa.

Baada ya dakika moja funua. Kiini kitakuwa kimepata utando mweupe mwembamba juu yake, na ukikibonyeza polepole kwa mgongo wa kijiko kitabonyea na kurudi. Hilo ni yai lenye kiini laini. Ukitaka kikaze, funika tena kwa dakika moja au mbili mpaka kisibonyee. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa wapewe yai lililokaza lote, kwa sababu bakteria wa salmonela wanaweza kuwamo ndani ya yai linaloonekana safi, nao hufa kiini kinapofikia nyuzi 70 na zaidi.

Nyunyiza chumvi sasa, pamoja na pilipili manga ukipenda, kisha pitisha kijiko bapa chini yake na upakue mara moja. Kikaango kilichoondolewa jikoni bado kina moto, na yai likiachwa humo litaendelea kuiva hata baada ya wewe kuridhika nalo. Namna ya kuligeuza upande wa pili sikuishauri mapema kwa makusudi, maana mfuniko hufanya kazi hiyo hiyo bila hatari ya kukipasua kiini.

Yai likigoma kuachia, sababu ni moja kati ya tatu: kikaango kilikuwa cha baridi ulipolimimina, mafuta yalipungua, au kikaango hakikusafishwa vizuri tangu mapishi yaliyopita. Likiwa na kingo ngumu za kahawia huku juu likiwa bichi, moto ulikuwa mkali. Likitoka lote jeupe lakini gumu kama mpira, lilikaa jikoni kupita muda wake. Na mafuta yakishika moto, zima jiko, funika kikaango kwa mfuniko na ukiache hapo hapo hadi kipoe. Kamwe usimwage maji, kwa kuwa maji huulipua moto wa mafuta na kuusambaza.

Yai la kuvuruga

Kwa mayai mawili, kata kitunguu kidogo na nyanya moja. Kaanga kitunguu hadi kilainike, weka nyanya na chumvi, na uache maji ya nyanya yakauke kabisa, jambo ambalo wengi hulipuuza kisha wakashangaa mayai yao yanaelea kwenye mchuzi. Piga mayai kwa uma hadi ute na kiini viungane, yamimine, subiri kingo zigande, kisha sukuma kutoka pembeni kwenda katikati mpaka yakaribie kukauka, na uepue. Kanuni ya moto ni ile ile, na hata chipsi mayai hufuata njia hiyo, ila chipsi ziwe zimechujwa mafuta na zingali za moto wakati mayai yanamiminwa juu yake.

Usafi baada ya kupika

Acha kikaango kipoe chenyewe, kwa sababu maji baridi juu ya chuma cha moto hukipinda kitako, na kitako kilichopinda hakitakaa sawa jikoni tena. Kikishapoa, kilowekwe kwa maji baridi kwanza, maana maji ya moto huzidi kuyagandisha mabaki ya yai. Mafuta yaliyobaki yafutwe kwa karatasi badala ya kumwagwa kwenye sinki. Sufuria ya alumini iliyonasa mabaki inaweza kusuguliwa kwa jivu laini, lakini kikaango chenye utando kioshwe kwa sponji na sabuni tu. Kikombe kilichobeba yai bichi, pamoja na mikono yako, vioshwe kwa sabuni kabla hujashika mkate au kumimina chai.